Mlezi wa Jemadari

3 Februari

Mwanangu,

Hamjambo wewe, mumeo na wajukuu zangu watatu? Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu ambaye daktari amemwambia moyo wake umechoka. Nilimjibu, hata wewe ungechoka. Hakucheka.

Kaka yako Jemadari ni mzima. Juzi ametimiza miaka thelathini na sita, na bado hatoki nje mpaka nimfunge vifungo vya shati kuanzia chini kwenda juu.

Nakuandikia kuhusu wosia. Ule tulioandika mimi na marehemu baba yako, miaka kumi na tano iliyopita, nimeutoa sandukuni nikausoma. Mimi niliyempigia wakili chapa miaka ishirini na sita, nikaandika wosia za nusu ya mji, wa kwangu nimeuacha ukachacha. Shangazi yako, tuliyekwisha kumzika, bado ameachiwa kabati, na kabati lenyewe lililiwa na mchwa. Hayo ni ya kucheka. Lisilo la kucheka ni kwamba mlezi wa Jemadari baada yetu ni baba yako mdogo, naye tangu apooze upande mmoja analishwa kwa kijiko.

Wakili anasema jina la mlezi libadilishwe mapema, na huyo mlezi akubali kwa maandishi. Nimetaja lako. Nijibu.

Mama yako

20 Machi

Mwanangu,

Naomba kimya chako kisiwe cha ugonjwa. Huenda barua ya kwanza ilipotea njiani. Wakili ameacha nafasi tupu kwenye karatasi, pale penye jina la mlezi.

Wiki iliyopita nilianguka bafuni asubuhi. Jemadari alikaa sakafuni kando yangu, akanishika mkono mpaka adhuhuri, jirani yetu fundi cherehani alipopita kuomba chumvi. Mlango ulikuwa wazi muda wote. Hakujua kwamba angeweza kutoka akaita mtu.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Mama

6 Mei

Mama, shikamoo.

Pole sana kwa kuanguka. Huku tunaendelea, ila mdogo ana kikohozi kisichosikia dawa.

Barua hazikupotea. Zote mbili nilizipata, nikazificha kwenye kabati langu la kazini, huku kwa dobi, chini ya aproni. Kila siku nikifungua kuchukua aproni naziona.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, "Vyumba viwili, watu watano. Huyo kaka yako tutamlaza wapi, juu ya meza?" Ningeweza kumsingizia yeye, mama, nawe ungeamini. Lakini si yeye. Ni mimi. Tangu nina miaka tisa nimemwogesha Jemadari, nimemlisha, nimemfulia, wewe ukiwa ofisini. Wenzangu wakicheza, mimi nimemshika mkono asiende barabarani. Nilipoolewa huku mbali watu walisema nimefuata mapenzi. Nilikuwa nakimbia.

Siwezi kuirudia kazi ile. Tafuta mtu mwingine. Nisamehe.

Bintiyo

17 Mei

Mwanangu,

Pole na mtoto. Mpe asali na maji ya moto.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Sina neno nawe. Kweli nilikutwisha mzigo ukiwa mdogo, na sikuwahi kukuuliza kama ni mzito.

Nimekwenda kwenye yale makao ya walemavu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Vitanda kumi na viwili, shuka safi, madirisha yana nondo. Mlezi mkuu ni mama mnene asiye na maneno mengi. Nilimwuliza, nikifa mtampokea? Akasema, "Tutampokea. Lakini wanaoletwa baada ya mazishi huwa hawali. Mmoja hakula mpaka akamfuata mama yake. Kama unampenda, mlete ukiwa hai."

Jumatatu nampeleka. Wosia tumeuandika upya: nikifa nyumba iuzwe, nusu iende makao kwa matunzo yake, nusu ni yako.

Mama

29 Mei

Mama, shikamoo.

Usimpeleke. Tangu barua yako ifike sijalala. Nimezungumza na mume wangu, tumegombana, tumepatana. Amesema tutaweka pazia sebuleni. Nakuja mwezi wa nane, shule zikifungwa, nimchukue. Mwambie wakili nimekubali, nitasaini popote. Nilikosea, mama. Ngoja tu.

Bintiyo

2 Julai

Mama, mbona kimya? Je, barua yangu umeipata? Jemadari yuko nyumbani? Nijibu, nakusihi.

Bintiyo

25 Julai

Mwanangu,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa nimelazwa, na hata baada ya kutoka sikujua nianzie wapi.

Barua yako ilifika siku tisa baada ya kumpeleka. Siku ile aling'ang'ania mkoba wangu. Mlezi akataka kumbandua vidole, nikamwambia mwache. Nilirudi kwa miguu bila mkoba, bila funguo, jirani akanivunjia kufuli. Wiki mbili alipiga kichwa ukutani akiniita. Nilisimama nje ya ukuta nikasikia, nikajizuia kuingia, kwa sababu walinikataza. Nilikuwa na barua yako mfukoni.

Ningeweza kumtoa siku ile. Kisha? Nimfundishe tena kuachwa, mwezi wa nane, akiwa nyuma ya pazia lako? Na ukichoka?

Jumamosi iliyopita nilimkuta anagawa sahani mezani. Alinipa moja, kama alivyowapa wengine, akaendelea. Nilipoaga hakuinuka. Anakula. Analala.

Asimtoe mtu tena huko. Nimemwambia wakili aongeze kifungu, kwamba nikifa hakuna ndugu atakayemhamisha. Akaniuliza, "Pamoja na binti yako?" Nikamwambia akutaje kwa jina, pasiwe na ubishi.

Hiyo si adhabu, mwanangu. Njoo mwezi wa nane kama ulivyosema. Njoo umwone. Usije na begi la kupakia nguo zake.

Mama yako