Zamu ya Pembeni

17 Januari 2010

Kwa Baba mpendwa,

Hujambo huko Urusi? Kifua kimepoa? Sisi wazima, ila Mama anakohoa. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulimi unanikauka. Unauliza shule, nasema "nzuri," basi.

Tangu wauzime mtambo wetu wa nyuklia mkesha wa mwaka mpya, ziwa limeganda hadi pale bomba lilipokuwa likimwaga maji ya moto. Mabata maji wamehama.

Nikwambie kitu cha aibu. Mwalimu wa Kilithuania, lugha ya nchi hii, alitaka insha juu ya wazazi. Nikaandika kuhusu "zamu ya pembeni" yako, kama mnavyosema kwa Kirusi nyinyi wa mtamboni, maana kwenu kutamka "mwisho" ni uchuro. Mwalimu akanikatia neno kwa wino mwekundu, juu yake akaandika: YA MWISHO. Tena akaisoma mbele ya darasa. Oleg akaropoka, "Pembeni ya wapi, ya jiko?" Wakacheka hadi machozi. Jibu nilikuwa nalo. Nikainama tu.

Ulisema kibarua cha huko ni cha miezi mitatu, kisha unarudi. Aprili nakungoja kituo cha basi.

Mwanao,
Taisia

21 Machi 2010

Kwa binti yangu Taisia,

Salamu nyingi. Kifua kimeachia. Mama mpe chai na jamu ya matunda ya porini. Na huyo Oleg mwache, babake alishindwa kufunga hata bomba la choo.

Samahani kwa kuchelewa. Mtambo wa huku ni pacha wa wetu, ulianza kazi hujazaliwa. Wetu Ulaya waliukataa. Huu wakaguzi wameuongezea miaka ya kufanya kazi. Wanataka watu wanaoujua, na tumebaki wachache. Nimetia saini mkataba, binti yangu. Ni mrefu. Nyumba wanatoa. Njooni mhamie huku, shule ni Kirusi kitupu, hakuna atakayekukatia maneno.

Mwambie Mama, taratibu. Wewe anakusikiliza.

Baba yako

2 Aprili 2010

Baba,

Leo afya sikuulizi.

Nimemwambia Mama kama ulivyonituma. Taratibu. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Mwambie baba yako akalioe hilo limtambo lake!" Akaendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama karanga. Ile kazi ilikuwa yako, Baba. Ukanitwika mimi, ambaye hata kuomba chaki naona haya.

Nani kakwambia sitaki kukatiwa maneno? Ndivyo nilivyojifunza lugha ya huku. Mama ana wagonjwa wake hospitalini, mimi nina mtihani, na huku ndiko kwetu. Wewe uliyetuleta huku kwa ajili ya mtambo ndiye unayetuita tutoke. Mtambo mkongwe kuliko mimi umepewa miaka, nawe umekubali kukaa nao. Mimi niliomba Aprili tu.

Juzi Oleg kaniuliza, "Babako karudi kutoka pembeni?" Nikasimama. Nikajibu kwa Kilithuania, kwa sauti, mwalimu mwenyewe akaacha kuandika ubaoni: "Harudi." Hakuna aliyecheka.

Hapa chini niliandika kwamba hii ni barua yangu ya mwisho. Nikafuta. Nikaandika "ya pembeni." Nikajiona nakubembeleza, nikafuta tena kwa hasira, karatasi ikatoboka. Tundu unaliona. Neno la kuweka hapo unalo wewe. Ila usinitumie mtu aje aniambie taratibu.

Taisia,
mtoto wa Mama