Baba, Barasa Atachanjwa

Satellite, Nairobi
Jumapili mchana

Mpendwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima ile uliyonilea nayo, nikitumaini kwamba goti lako limetulia sasa mvua zinapopungua. Mama ameniarifu kuwa mahindi yamesimama vizuri na kwamba umerudi kuongoza maombi ya Jumatano. Nimefurahi kwa dhati. Sisi huku tu wazima: mimi, dada Nafula, na mwanawe Nanjala, ambaye ametimiza miaka miwili na sasa hunizuia kusoma kwa nyimbo zake zisizo na mwisho.

Naandika kwa sababu simu uliikata. Uliikata nilipotaja jina la Barasa, mtoto wa kaka Wanjala, mjukuu wako aliyetimiza miezi tisa mwezi huu, ambaye umeamuru asipelekwe zahanati kuchanjwa surua. Barua haikatwi katikati ya sentensi, Baba. Ukiichana leo, nitaandika nyingine kesho. Kwa hivyo nakuomba uketi, uvae miwani, unisikilize hadi mwisho.

Mwezi uliopita wahudumu wa afya walipita ploti kwa ploti, kila ua wa vyumba vya kupanga hapa Satellite, wakiwachanja watoto surua. Kila aliyechanjwa alipakwa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto ili asirudiwe. Asubuhi hiyo ulimpigia Nafula simu ukamwambia kwamba mtoto wa ukoo wako hatachomwa sindano, kwa kuwa kanisa letu halikubali dawa. Nafula hakutaka kukukaidi, wala hakutaka kuzozana na wahudumu mlangoni mbele ya majirani. Akafanya jambo ambalo, nimekuja kujua, akina mama wa kanisa letu hufundishana: alichukua kalamu ya wino mzito, akakipaka kidole cha Nanjala mwenyewe. Mhudumu alikitazama kidole, akaandika alama ya chaki mlangoni, akaenda zake.

Kalamu ilikuwa yangu. Ndiyo niliyokuwa nimeandikia mabango ya maandamano yetu ya kupinga nyongeza ya karo ya chuo, kwenye karatasi za manila nilizonunua River Road. Siku ile ile niliyosimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikakemea viongozi wanaowapaka raia uongo, kalamu yangu ilikuwa nyumbani ikipaka uongo kidoleni mwa mtoto. Na niliporudi nikasimuliwa, sikukasirika. Nilicheka. Niliona ni ujanja wa akina mama, nikala, nikalala. Nakuungamia hilo ili usidhani nakuandikia kutoka mahali pa watakatifu.

Wiki moja baadaye surua ikaingia ploti ya pili kutoka yetu. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mama Njeri, ana mtoto wa miezi saba, huyo Njeri. Alikuwa ameelezwa kliniki kwamba huyo bado ni mdogo mno kwa chanjo ya surua, na kwamba hadi atimize miezi tisa, ngao yake ni watoto wanaomzunguka: wao wakiwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kumfikia. Basi akazunguka mlango kwa mlango akiuliza. Alipofika kwetu nilikuwa nakunja nguo, nikasikia kila neno.

"Mama Nanjala, wako alidungwa?"

"Alidungwa. Si uone kidole."

"Afadhali. Basi acha acheze na wangu. Hao wa ploti ingine nimewafungia geti."

Kwa siku tatu, Baba, Nanjala alimpakata mtoto wa watu, akambusu, akala naye ndizi moja. Na kila jioni, baada ya kumwogesha, Nafula alikuwa akikipaka kidole upya kwa sababu wino ulikuwa unatoka. Siku ya tatu nilimkuta akifanya hivyo huku akilia. Nilimwambia twende kliniki. Akaniambia ukijua hatakanyaga tena boma lako. Nikamjibu kwamba boma ambalo mtu huingia kwa kumdanganya mama mwenzake si boma, ni kizuizi. Tulibishana sana, mengine siwezi kuyaandika. Kilichomshinda hatimaye si hotuba yangu. Mama Njeri aligonga, akaniwekea mtoto mikononi, akasema anakimbia Ngara mara moja kuchukua bidhaa zake za jumla, na kwamba ni sisi tu anaotuamini.

Kesho yake tulikuwa kwenye foleni ya kliniki. Tulipofika mbele, muuguzi alikishika kidole cha Nanjala, akakitazama, akakiachilia.

"Mama, huyu si alishapata? Mbona unamrudisha?"

Nafula aligeuka akatazama nyuma. Foleni nzima ilikuwa nyuma yetu. Nikafungua kinywa nimsaidie, akanizuia kwa mkono.

"Hakupata, sista. Ni mimi nilimpaka."

"Ulimpaka na nini?"

"Kalamu ya huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Muuguzi alinitazama mimi na fulana yangu yenye maandishi makubwa ya haki. "Wewe si wa kwanza wiki hii," akamwambia Nafula. "Shika mkono wake vizuri, asiruke."

Nanjala alilia kidogo, akapewa biskuti na mama mmoja wa foleni, akasahau. Muuguzi akatueleza kwamba chanjo huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaja, kwamba somo hilo huchukua yapata wiki mbili kukolea, na kwamba mtoto arudi baada ya mwezi kwa sindano ya pili. Kisha tulirudi nyumbani, na Nafula akagonga mlango wa Mama Njeri, akamwambia yote. Sikuwahi kuona ujasiri wa aina hiyo katika mkutano wowote wa hadhara.

Mama Njeri hakupaza sauti. Alisema tu, "Ulinionyesha kidole mimi?" akafunga mlango. Aliufunga wiki mbili. Katika wiki hizo surua iliingia ploti yetu. Mtoto wa mwenye kibanda cha mboga cha getini aliugua, akalazwa, na hata sasa macho yake hayajapona sawasawa. Nanjala hakuugua. Njeri hakuugua. Jana mlango ulifunguliwa na Njeri akaachwa atambae hadi kwetu. Mama yake alisimama kizingitini muda wote, mikono kifuani, akitazama.

Sasa nisikilize, Baba. Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo, ulikuwa wa kwanza kufika na ng'ombe wako, alfajiri, ukiwa umeshika kamba mwenyewe. Nilipokukumbusha hilo kwa simu ulinijibu kwamba ng'ombe haombi, binadamu huomba. Na Barasa? Barasa hajui kuomba, hajui kukataa, wala hajui kwamba kuna kanisa. Imani ni yako, nami sitakunyang'anya. Lakini mwili ni wake, na pumzi ni ya kila mtoto atakayepakatwa naye hapo kijijini. Hakuna mwanadamu, hata yule aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule, mwenye haki ya kutoa pumzi za wengine kuwa sadaka yake.

Wifi Nelima, mkewe Wanjala, amenipigia. Kesho kutwa, Jumanne asubuhi, atampeleka Barasa zahanati, na Mama amesema ataandamana naye. Barua hii naituma kwa basi la usiku huu ili ikufikie kabla. Sifichi, kwa kuwa kuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Ikibidi mtu atengwe na kanisa, litajwe jina langu. Nitasimama mbele ya wazee wote na kulijibu.

Msalimie Kukhu, mama yako, na umwambie blanketi lake nimelipata. Msalimie kaka Wanjala, ambaye ananyamaza mno kwa mtu mwenye mtoto. Msalimie Mama. Na umsalimie wifi Nelima kwa kinywa chako mwenyewe, umwambie kwamba njia ya zahanati iko wazi. Usipomwambia ataenda vilevile. Lakini ni mwendo mrefu kwa mguu, na ningependa aende akiwa amembeba mtoto tu, bila kubeba hofu yako.

Binti yako, anayekupenda, na asiyekutii katika hili,

Nasimiyu