Njoo na funguo

Shoga, usinipigie. Nimejifungia chooni kazini.

Unamkumbuka yule fundi mpya, yule mwanamume niliyemfundisha kushona kola? Jana kaniambia mshahara wake. Ni mara mbili ya wangu. Mara mbili, na mimi ndiye mwalimu wake.

Nikamsihi afunge mdomo. Leo kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya kiwanda kizima, kasimama kumshukuru bosi. Eti, "Naomba na mwalimu wangu alipwe kama mimi, bila yeye sijui kitu."

Nia yake njema kabisa. Wanawake wote wakanigeukia mimi.

Bosi hata hakugomba. Katabasamu. "Mama, mwenzako ana familia. Baada ya chai njoo ofisini. Njoo na funguo za stoo."

Ana familia. Wanangu watatu ni wa jirani?

Lakini funguo, shoga. Kwa nini funguo? Yule dada aliyeshika stoo kabla yangu naye aliambiwa aende na funguo, hakurudi hata kuchukua mkoba wake.

Ngoja, kuna mtu anabisha hodi.

Ni fundi. Anaomba nitoke mara moja nimwonyeshe, kola imemshinda tena.