Kushtuka kwa Kiingereza

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila roho haijatulia.

Wazee ninaowatunza huku ughaibuni wanavaa ndala laini, huwasikii wakija. Ukigeuka, mtu huyu hapa! Nami napiga ukelele. Jana nimemwaga uji. Msimamizi kasema nikirudia tena nifungashe virago, na chumba ninacholala ni chao. Anataka nishtuke kistaarabu, kwa Kiingereza. Jamani, nishtukeje kwa Kiingereza?

Mwanao, Kitindamimba

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu hauna neno. Unakula lakini?

Kelele umezirithi kwangu, nisamehe bure. Nimemwendea mwalimu jirani. Anasema ukishtuka kidogo, sema "Oh, you gave me a start!" yaani umenishtua. Ukishtuka sana, "I nearly jumped out of my skin!" Eti karibu waruke watoke ndani ya ngozi. Hiyo ngozi wanamwachia nani? Wewe usiulize, sema tu. Mimi nilijaribu paka aliporuka dirishani, lakini nilikuwa nimeshapiga kelele.

Mama yako

2 Aprili

Kitinda,

Hujambo? Mbona kimya? Kama wamekufukuza, njoo nyumbani, kitanda chako kipo. Usinifiche tu.

Mama

5 Aprili

Mama,

Shikamoo, na unisamehe. Niliogopa kuandika kabla sijajua moja.

Nilijizoeza mpaka nikawa sipigi kelele hata kidogo. Halafu juzi nikaingia kwa mzee wa chumba cha mwisho, yule asiyesema neno tangu afiwe na mkewe. Nilidhani yuko bafuni, nikaanza kukunja blanketi. Nikashika mguu! Kiingereza chote kikayeyuka. "Mama yangu weee!" Jengo zima likasikia. Msimamizi akaja mbio, nikajua yamekwisha.

Mzee akaketi, akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Kisha akaomba chai, kwa mdomo wake. Binti yake, aliyekuja kumtazama, akalia palepale mlangoni. Akamwambia msimamizi, "Huyu msimguse." Leo nimepewa mkataba. Nabaki, Mama!

Mwanao

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba mara mia. Nimesoma, nikapiga yowe, majirani wakamiminika wakidhani msiba. Nikawaambia kaeni, ni heri. Mwalimu akauliza umetumia sentensi ipi kati ya zile. Nimemjibu hata moja, akacheka.

Tangu Machi sijalala usiku ukaisha. Basi wiki hii usiniandikie. Nalala.

Mama yako