Walituuliza Tuhamie Wapi

Utemini, Singida
Jumapili, 9 Agosti 1992

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nitakueleza yote yaliyotokea kwenye mkutano wa jana, hata yale ambayo mama asingependa niyaandike. Mwalimu wetu wa Kiswahili anatufundisha kwamba barua kwa mzazi ianze na habari njema. Nimetafuta, nimepata moja: alizeti ya bibi mwaka huu ilikuwa nzuri. Zilizobaki ni hizi.

Nyumba ya Picha inahamishwa. Bwana Njiku, yule aliyekuwa na meza ya vibiriti pale stendi, sasa ana lori, na amekubaliwa kulinunua jengo. Anataka kufungua duka la jumla. Vyungu, vikapu na vinyago vitabebwa kwa mkokoteni. Ukuta wako haubebeki, kwa hiyo wanataka kuupaka chokaa.

Unakumbuka jengo hilo lilipokuwa bado duka la ushirika? Ulinishika mkono tukaenda kupanga foleni ya sukari, tukakuta hakuna sukari wala foleni. Muuzaji alikaa nyuma ya kaunta amekunja mikono, na nyuma yake rafu zilikuwa tupu kutoka chini mpaka juu. Ukamwambia, "Shemeji, rafu hizi zinatia huzuni kuliko njaa yenyewe." Akakujibu, "Basi lete wewe cha kuweka." Kesho yake ukapeleka chungu cha bibi. Mama Salome, jirani yetu, alipokiona akaenda kuleta kikapu chake kipya, akisema hawezi kushindwa na chungu chenye ufa. Baadaye watu walikuja dukani bila nia ya kununua chochote, wanakuja kutazama tu. Ushirika ulipofunga duka, funguo zikabaki kwetu wanamtaa, na jengo likapata jina lake.

Halafu ukaanza ukuta. Udongo mwekundu tuliuchimba nyuma ya nyumba, mweupe ulitoka kando ya ziwa Singidani, na kwa rangi nyeusi ulikwangua masizi kwenye sufuria za mama mpaka akakufukuza jikoni. Ulivichanganya na gundi ya mti wa mgunga, nami nikakubebea kopo. Watu walikuja wenyewe kuomba wachorwe. Mama Salome alitaka viatu.

"Lakini huna viatu," ulimwambia.

"Ndiyo maana nataka unichoree. Ningekuwa navyo ningekuja kwako kufanya nini?"

Ukamchorea viatu vyeupe vyenye mikanda. Mzee Ntandu, mwenyekiti wa mtaa, akataka azungukwe na ng'ombe wengi kuliko alionao. Ukakataa. "Mzee wangu, ng'ombe wa watu siwezi kukupa, mimi si hakimu." Watu walicheka, naye alicheka. Mama ulimchora anapepeta mtama, mimi nikiwa mgongoni kwake kama nilipokuwa mchanga. Nilikuuliza mbona wewe haumo. Ulisema, "Mimi nipo, si ndiye niliyeshika brashi?"

Siku hizo nilidhani hilo ni jibu.

Ulipoondoka kwenda kutafuta dhahabu Sekenke, ulisema utarudi mvua zikianza. Mvua zimeanza na kuisha, zimeanza tena na kuisha. Nimekuandikia nilipofaulu kwenda sekondari, nimekuandikia bibi alipougua. Hukujibu. Sasa nakuandikia kwa ajili ya ukuta, labda huo ndio utakaokuamsha.

Mkutano ulifanyika ndani ya Nyumba ya Picha yenyewe. Walituambia ni mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi, na mimi nilikwenda na maoni yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri kichwani kama tunavyofundishwa kwenye mdahalo. Mzee Ntandu akasimama akauliza, "Wananchi, tunaomba mawazo yenu. Nyumba ya Picha ihamie wapi?"

Nilingoja mtu aulize kwa nini ihame. Hakuna aliyeuliza. Mmoja alisema iende karibu na msikiti, mwingine akasema bora kule kwenye shule ya kanisa.

"Kule kwenu mvua ikinyesha hata mbuzi wanahama!"

"Na kwenu je? Vyungu tukivileta huko, kesho tutavikuta vina mlenda!"

Walicheka, wakatupiana maneno, wakapandishiana sauti. Kila upande ulitaka picha ziende kwake, na kwa jinsi walivyozigombania ungedhani wanazipenda kuliko kitu chochote. Mwishowe wakakubaliana kwenye chumba kilicho nyuma ya mashine ya kusaga, wakapiga makofi kama walioshinda. Walituuliza tuhamie wapi, nasi tukagombania wapi. Tulipomaliza kugombana tulikuwa tumeshakubali kuhama, na hakuna aliyekumbuka kusema ndiyo wala hapana. Hata mimi, baba, nilikuwa nimeanza kupima kichwani kama chumba kile kina madirisha ya kutosha.

Kisha ikafuata desturi yetu unayoijua, kwamba kitu hakiguswi mpaka aliyekitengeneza aseme. Mzee Ntandu akapita kwenye rafu akiuliza, "Cha nani hiki?" na kila mmoja akajibu chake kibebwe au kirudi nyumbani. Alipofika kwenye ukuta, akauliza, "Na huu?"

Nikasimama. "Wa baba yangu."

"Tunajua, mwanangu. Yuko wapi?"

"Sekenke."

"Basi kaa. Anayesema ni mwenye kazi, si mtoto wake."

Nikakaa. Ndipo Bwana Njiku aliposema kutoka pale mlangoni, "Huyo mimi nimeonana naye. Nilipeleka mzigo Sekenke mwezi uliopita. Nilimweleza habari za jengo, akaniambia, 'Pakeni tu chokaa, mimi mambo hayo nilishayaacha.'"

Mama, ambaye hajawahi kusema neno mkutanoni, akauliza kutoka kwenye mkeka wake, "Aliulizia habari za watoto?"

"Hatukukaa sana, shemeji," Njiku akasema, akatazama nje kwenye lori lake.

Nilimtazama Mama Salome. Siku hizi kuna kila kitu hapa mjini, baba. Sukari ipo, sabuni za kunukia zipo, nguo na viatu vya mitumba vimejaa mnadani. Jana alikuwa amevaa viatu vyeupe vyenye mikanda. Nilimnong'oneza atutetee, maana naye yumo ukutani. Akanipapasa bega, akasema, "Viatu ninavyo sasa, mwanangu. Wa ukutani akifutwa mimi nitabaki navyo." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Nikasimama tena bila kuruhusiwa. Nikasema kwamba neno la mtu haliletwi na mtu mwenye faida nalo. Kijana mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema, "Hee, sekondari hiyo!" Lakini Mzee Ntandu alifikiri, akasema kuna haki hapo. Akaamua kwamba ukuta usubiri mpaka mkutano wa Jumamosi ijayo. Neno lako likija kwa mwandiko wako, litasomwa mbele ya wote na litafuatwa. Lisipokuja, neno alilolileta Njiku ndilo neno lako.

"Haya, tusubiri posta," Njiku akasema, na kila mtu akacheka.

Nyumbani mama alisema, "Usimwandikie. Akitaka kujua atauliza." Nilipoendelea kutafuta kalamu hakunizuia. Alinisogezea taa.

Njiku simchukii sana. Anataka duka, na anasema anataka duka. Wanaonichoma ni wale waliochorwa wakakaa kimya, na wewe uliyewachora. Wakati mwingine nikipita pale peke yangu nasimama mbele ya ukuta na kujaribu kukusamehe, na siwezi, kwa sababu mstari wa mgongo wa mama umeuchora kwa upole mno. Sielewi mtu awezaje kuuona mgongo hivyo kisha akauachia mzigo wote.

Ila kuna jambo moja linaninyima usingizi kwa uzuri. Ukuta ule hukuwahi kuuita "mambo hayo". Uliwataja waliomo kwa majina yao, mmoja mmoja, hata mbwa wa muuzaji. Kwa hiyo sijamwamini Njiku bado. Mama anasema mtu hubadilika akikaa migodini. Labda.

Barua hii anaileta baba yake Rehema, rafiki yangu wa darasani, anayepeleka unga huko kwenu. Atalala Sekenke na kurudi Alhamisi. Nimemwomba akungoje mpaka umalize kuandika. Hatukuombi kitu kingine. Kama ulisema, andika kwamba ulisema. Barua yako nitaisoma mwenyewe mkutanoni na sauti yangu haitatetemeka. Kama hukusema, andika hivyo, na safari hii hawataniambia nikae.

Bibi anakusalimu, na wadogo zangu, ambao wa mwisho ameanza kuuliza una sura gani. Ubaki salama huko mashimoni. Baba, ulisema maneno yale?

Mimi binti yako wa kwanza,
Neema