Picha ya Baba na Shemeji Kemunto

Voi, Jumapili

Kaka Ombati,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nyumba nzima. Kifua cha Mama kimepoa? Na yale mahindi ya kule chini karibu na mto, mmeshapalilia? Mimi mwili hauna shida. Mjomba bado yuko kwenye kazi yake ya reli, na anasema jua la huku limenifanya mweusi kuliko mataruma, yale magogo ya chini ya reli.

Barua yako ilifika. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nakujibu kwa Kiswahili, usidhani ni maringo. Nilianza kwa Ekegusii, kalamu ikakataa. Jambo hili kwa lugha ya nyumbani linanitia aibu hata nikiwa peke yangu chumbani, na Kiingereza cha shule sijui kama kina neno lake.

Umeniuliza swali moja tu: nilipanga? Kaka, kupiga sikupanga. Kutuma nilipanga.

Kamera ile ya mjomba unaijua, sanduku jeusi. Unaishika tumboni na kutazama chini kwenye kioo kidogo. Ndiyo maana naipenda. Mimi ambaye mgeni akiingia natokea mlango wa jikoni, naweza kumwangalia mtu bila macho yetu kukutana. Huku nimepiga ndovu wakivuka reli, nimepiga tangi la maji la stesheni, nimepiga milima ya Wataita asubuhi, zote nimezibandika kwenye albamu. Nilipokuja likizo nilitaka na nyinyi muwemo.

Siku ile shemeji alikaa uwanjani kwa Mama, kando ya migomba, amempakata mtoto. Alikuwa anacheka. "Onchari, usinikate kichwa! Nimesuka nywele kwa ajili yako!" Nikabonyeza. Mara nikasikia Baba anakohoa njiani, anakuja na kigoda chake. Shemeji akainuka haraka na kiti, akazunguka nyuma ya nyumba asikutane na baba mkwe, kama ilivyo desturi. Baba akasema, "Wewe mpiga picha, nina ng'ombe wa kunywesha. Nikae wapi?" Nikamwonyesha pale pale, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Nikabonyeza tena. Kamera ile, usipozungusha mkanda baada ya kupiga, picha ya pili inalala juu ya ile ya kwanza. Niliogopa kumchelewesha Baba, nikasahau kuzungusha.

Basi ilitoka hivyo mlivyoiona, Baba amekalia mapaja ya mke wa mwanawe, mtoto haonekani, mkono wa Baba juu ya goti la shemeji.

Nilipoichukua studio nilikwenda nayo shule. Wavulana wa darasa letu wakaninyang'anya. "Huyu mzee kamkalia nani?" Nikasema, "Mke wa kaka yangu." Wakaanguka kwa kicheko. "Mzee wenu hana mchezo, bwana!" Kaka, tangu nije shule hii hakuna aliyewahi kuja kwenye dawati langu wakati wa mapumziko. Siku ile walijazana. Na mimi nikacheka. Nikawaeleza tena na tena nani ni nani, wacheke zaidi.

Ningeichana. Badala yake niliiweka kwenye bahasha juu ya picha nyingine zote, nikaandika nyuma "Baba na Shemeji", nikampa mzee mmoja wa reli aliyekuwa anakuja huko kwao Suneka. Nilidhani mtacheka. Nimekaa huku mpaka nikasahau kwamba Baba hajavuka kizingiti chako tangu uoe, na kwamba shemeji akimpelekea uji huweka chini na kuondoka kwanza, ndipo Baba anyanyue.

Na Mama naye, masikini, akafungua bahasha baada ya kanisa, wanawake wamemzunguka. Nilipofika kwenye yale maneno ambayo shemeji anatupiwa kisimani, "Kemunto, baba mkwe ni mzito?", nilikunja barua nikatoka nje. Baba hapiti tena karibu na nyumba yako, anazunguka kwa jirani. Shemeji amerudi kwao Nyansiongo na mtoto, na anasema hawezi kuishi katika boma ambalo watu wamemwona hivyo. Yeye alisuka nywele tu.

Sasa nisikilize. Juma lililopita nilifanya kosa lile lile makusudi. Nilimsimamisha mjomba kando ya reli nikampiga, kisha akaondoka, na gari moshi lilipopita nikapiga bila kuzungusha mkanda. Imetoka mjomba ametulia na mabehewa yanapita kifuani mwake. Mjomba akaiangalia, akasema, "Basi mimi nimekufa na sikuambiwa." Mtu yeyote akiiona ataelewa ni ujinga wa sanduku, si wa watu.

Nilitaka kuitia humu uipeleke kwa wakwe zako. Nimeitoa. Sitaki tena picha ifike mahali ambapo mimi mwenyewe sipo. Shule ikifungwa mjomba atanipatia nafasi kwenye treni, kisha nitapanda basi na kushukia Nyansiongo, nayo mkononi, kabla ya kufika nyumbani. Nitamwambia mama yake, kisha wale wanawake wa kisimani, jinsi ilivyokuwa, pamoja na kile kicheko cha darasani. Unajua nilivyo mbele ya watu. Nitasema hivyo hivyo. Nakuomba tu ruhusa, kwa kuwa yeye ni mke wako.

Msalimie Mama, na nyanya, na mdogo wetu wa mwisho, mwambie darasa la pili si mchezo. Baba usimpe salamu zangu kwa sasa. Mwambie mjomba ni mzima, inatosha.

Shemeji simtumii salamu kwa mkono wa mtu. Nitamsalimia nikiwa uwanjani kwao, na akinigeuzia mgongo, nitausalimia mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Onchari