Picha ya Langoni

Mama Simiyu mpenzi,

Kitale ni baridi ya sweta mbili, lakini chai hapa ni ya maziwa kweli. Leo nimekagua tovuti ya gesti ya Mama Chebet, njia ya Saboti, kwa ile programu yangu inayojipitishia kurasa yenyewe, nijue kwa nini wageni wakitafuta kwa simu hawaipati. Ikasema picha hazina maelezo ya maandishi, yale yanayosaidia tovuti kupatikana. Mama Chebet akavuta kiti, akaanza kunitajia niandike. Ng'ombe wake alimweleza hadi ukoo. Programu ikakataa, ati ni marefu mno.

Tukafika kwenye picha ya mwanamume aliyesimama langoni.

"Huyo alikuwa bwanangu. Siku hizi yuko Chwele na mwingine. Andika 'mtu'."

Nikauliza kama tuitoe. Akasema lango limetokea vizuri.

Nikaandika "mtu". Programu ikasema maelezo ni mafupi mno.

"Iambie yametosha," akasema, akaniongezea chai.

Narudi Bungoma Jumamosi. Ile picha yangu ya sebuleni, mgeni akiuliza ni nani, tafadhali usimjibu kwa neno moja.

Wako kabisa,
Baba Simiyu